Nyuki Ndani ya Kithembe

Mwala, 4 Februari 2024

Kwa mjukuu wangu Nzisa, mwaitu, mama yetu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa mto wetu kabla malori hayajaubeba. Mimi niko mzima. Nguvu iko, meno iko mbili na zote zinafanya kazi. Wewe na hiyo studio yako ya Machakos mjini mko aje?

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilianguka kwa ndoo ya ng'ombe, ng'ombe akakunywa maji, sasa nikitaka kujua nani amenipigia naangalia ng'ombe. Kuandika nilisoma ngumbaru, ile shule ya wazee, na mwalimu alisema mimi ndiye mkali darasa nzima. Sikuambii tulikuwa wangapi, na mmoja wetu alikuwa anakuja kulala.

Sasa sikia shida. Unamjua Munyiva, yule mama wa kuimba kilumi, zile nyimbo za wazee. Tangu tuwe vijana yeye anaimba, mimi napiga kithembe, ile ngoma yetu kubwa. Wewe uliniona ukiwa mdogo. Siku moja nilipiga hapa Mwala, mtu wa Kangundo akafungua mlango akidhani amepigiwa hodi. Muulize mtu yeyote. Wale walikuwa hapo wamekufa, lakini uliza.

Munyiva ako na kitu kwa koo. Madaktari wamesema katikati ya mwezi wa tatu watamkata. Wakimkata labda atapona, lakini sauti haitarudi. Na ule wimbo wa kuita mvua, yeye peke yake amebaki anaujua mpaka mwisho. Wengine wanajua mwanzo, halafu wanapiga makofi na kuangaliana. Anataka uushike kwa mashine yako kabla ya hiyo siku. Na amesema ataimba na ngoma yangu tu. Si ati ananipenda. Anasema wengine wanapiga kama mtu anaua panya.

Lakini sauti yake sasa ni ndogo, na kithembe ni kithembe. Nimesikia watu wa studio wanavaa ile kitu ya masikio inafungia kelele nje, mwimbaji anakuja ndani peke yake. Nichagulie moja. Nataka ile inafunga kabisa kabisa, hata ukiitwa chakula husikii. Hapa jirani ameleta mashine ya kusaga mahindi, inanguruma mchana na usiku, hata nikilala iko na mimi.

Shida si masikio. Masikio yangu inasikia mchwa wakigombana. Shida ni mashine ya jirani.

Ni mimi umau, babu yako,
Masila, bingwa wa kithembe kutoka Mwala mpaka pale lami imeishia


Machakos, 10 Februari 2024

Umau,

Mulwa, dereva wa ile gari ya probox, alinipatia barua yako ikiwa na harufu ya mbuzi, nikajua kweli ni yako. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Lakini simu yako inaita, Umau. Nimepiga wiki yote, inaita mpaka inakata. Huyo ng'ombe akijifunza kupokea, mwambie namsalimia.

Habari ya Susu Munyiva, nyanya yetu sote, imeniuma. Nitamrekodi. Nimefunga studio Jumamosi ya tarehe tisa Machi, sitaki mteja mwingine siku hiyo.

Sasa hedifoni. Kuna zile ndogo za kuingia ndani ya sikio kama kizibo. Zinafunga vizuri, wapiga drum wa kanisani wanazipenda, lakini vile wewe unatikisa kichwa ukipiga zitaishia kwa miguu. Kuna kubwa ambazo ziko wazi kwa nyuma. Ni tamu kusikiliza ukiwa umekaa nyumbani, ila sauti inavuja inarudi kwa maiki, na ngoma yako itaingia yote. Hizo hapana. Kuna za betri zinazofukuza kelele zenyewe. Hizo zimezoea mngurumo wa ndege, kishindo cha ngoma kinazichanganya, na zile hazina waya sauti inachelewa kidogo. Utapiga wakati Susu ameshapita.

Halafu kuna zilizofungwa: vikombe viwili vizito, mto mnene wa kukaa kuzunguka sikio, waya, hakuna betri, hakuna ujanja. Zinabana tu. Mimi ningechukua hizo. Ila kofia itatoka, Umau. Mto ukikalia ukingo wa kofia, kelele inapita hapo hapo, na ni kama hujavaa kitu.

Susu nitamweka chumba cha pili ili ngoma isimfunike. Utamsikia kwa hedifoni.

Na ukizipata usikaze sauti mpaka mwisho. Masikio ya mpiga ngoma huisha polepole, na mwenyewe ndiye hujua mwisho.

Wako,
Nzisa


Mwala, 15 Februari 2024

Mwaitu Nzisa,

Nimesoma, na mahali nilikwama nimeruka kama mbuzi.

Zile za kizibo hapana. Kwa hii sikio hakuingii kitu. Marehemu susu yako alijaribu miaka mingi kuingiza maneno, akachoka. Za ndege waachie watu wa ndege. Na hiyo ya kuwa wazi nyuma ni kama suruali ya Mulwa, siitaki. Nachukua vikombe. Wewe umesema hazina ujanja, basi tutasikizana, mimi niko na ujanja wa kutosha wawili.

Kofia nitatoa. Jua liliona hiki kichwa mara moja likajificha nyuma ya wingu, lakini nitatoa. Usimwambie Munyiva nimetoa kwa sababu yake, atavimba.

Chumba cha pili sawa, lakini weka kioo katikati. Na akae akiniangalia. Nataka kumuona mdomo. Nataka kumuona akishindwa! Huyu mama miaka yote anaambia watu ati yeye anaongoza na mimi namfuata. Nani alisikia hiyo? Ngoma inaongoza, mwimbaji anafuata. Tunabishana hiyo maneno kila harusi mpaka wali unaisha sufuriani na sisi bado tumesimama. Sasa mashine yako itasema ukweli.

Kuna jambo lingine, nakuambia wewe tu. Nyuki wameingia kithembe. Walianza mwaka jana kidogo kidogo, sasa ni wengi, wanalia bila kupumzika mpaka napoteza mdundo. Nimeona nikifungwa masikio vizuri watabaki nje. Au unasemaje?

Ni mimi,
Masila, mwenye kichwa kizuri chini ya kofia


Machakos, 19 Februari 2024

Umau,

Vikombe hivyo hapo, Mulwa anavileta. Nimekuwekea pia kamashine kadogo. Chomeka waya, bonyeza kitufe cha katikati, utasikia Susu Munyiva. Nilimrekodi kidogo juzi alipokuja mjini kwa daktari. Zoea sauti yake kabla ya siku yenyewe, kwa maana imepungua sana, hata mimi nilishtuka.

Kuvaa: ingiza sikio lote ndani ya mto, mto usikalie sikio lenyewe. Tingisha kichwa. Zikitembea, kaza ule utepe wa juu.

Kuhusu nyuki umenichanganya. Kwetu kithembe ni ngoma, na kithembe ni pipa la asali, na wewe uko na zote mbili. Kama ni pipa, waache, tutakula asali. Kama ni ngoma, wapulizie moshi jioni wakitulia. Usiwamwagie maji, ngozi italegea na tuko na kazi mbele. Na uwe mwangalifu, usije ukaumwa masikio wiki hii.

Nzisa


Mwala, 25 Februari 2024

Mwaitu,

Vikombe vimefika. Nimevaa nikapita sokoni, watu wakafikiri mimi ni rubani. Nikawaambia ndiyo, ndege nimeiacha kwa Mulwa anaongeza upepo.

Kweli zinafunga. Jogoo alifungua mdomo akaufunga, mimi sina habari. Halafu nikakaa chini nikabonyeza kama ulivyosema. Munyiva ni mdogo sana humo ndani, mwaitu. Nilikaza sauti mpaka mwisho. Najua ulikataza. Nilimsikia. Usifikirie sikumsikia.

Lakini nyuki. Nilifikiri nikifunga mlango watabaki nje. Kumbe nimewafungia ndani. Mara tu vikombe vilibana, walianza kulia kama wamechokozwa, na Munyiva akapotea katikati yao. Nikavitoa nikakaa tu. Moshi sijaweka. Pale wako moshi haufiki.

Juzi Munyiva alipita hapa na binti yake. Sasa ananong'ona tu. Tulikaa, akanong'ona kitu kirefu, nami nikacheka sana, kwa maana wewe unajua tukikaa ni matusi tu. Aliniangalia. Binti yake pia aliniangalia. Halafu yule binti akaniinamia akaniambia polepole, nikaona mdomo: mama anasema anaogopa kisu.

Basi nikasema nilikuwa nacheka kumpa moyo.

Mimi,
Masila


Machakos, 29 Februari 2024

Umau,

Nimekaa na barua yako siku nzima.

Nilimuuliza Mulwa kuhusu mashine ya kusaga ya jirani. Anasema hakuna mashine ya kusaga hapo, ya karibu iko sokoni na imeharibika. Nikamuuliza kuhusu simu. Anasema simu yako ni nzima, huwa inalia ndani ya mfuko wa koti ukiwa umekaa naye, na wewe unaendelea kumpigia hadithi. Alifikiri hutaki kuongea na watu.

Nikamuuliza nyuki. Akacheka, akasema Umau Masila hajafuga nyuki tangu ile kiangazi ya zamani.

Nyuki wako kithembe gani, Umau? Niambie. Sitacheka.

Nzisa


Mwala, 4 Machi 2024

Nzisa,

Hicho kithembe nakivalisha kofia. Sasa umejua.

Nilienda kituo cha afya, mama mmoja akaniangalia ndani na tochi, akasema hiyo ni uzee na ngoma, imekula pole pole. Nikamuuliza dawa. Akasema kitu, nikaitikia, sijui ni nini. Nikatoka nimemshukuru.

Mdundo bado ninao. Unanijia kwa mguu na kwa kifua, hiyo hakuna mtu ataninyang'anya. Ila mtu akiongea naona mdomo unatembea na nyuki wanalia. Nikiwa karibu sana na mtu mwenye sauti kubwa napata kidogo. Munyiva siku hizi simpati kabisa. Kwa vile vikombe nilipata nyuki tu. Nilikudanganya.

Nakuomba kitu kimoja, na mimi sijawahi kuomba mtu, wengine ndio hunijia. Usimwambie Munyiva. Alisema zamani mbele ya harusi nzima: siku Masila atakuwa kiziwi mimi nitaimba na sufuria. Watu walicheka, hata mimi nilicheka, lakini yule mama hasemi kitu ovyo. Akijua hatakuja. Wimbo atakatwa nao. Atakwenda chini ya kisu akiwa hajauacha mahali.

Weka kioo. Mdomo wake naujua kuliko njia ya kwangu. Nitavaa vikombe vyako, nitatikisa kichwa kama mtu anasikia vizuri, na nitamuona mdomo. Akae tu akiniangalia.

Mimi,
Masila


Mwala, 21 Aprili 2024

Mwaitu Nzisa,

Asante kwa kuja mazishi ya Munyiva na kwa kunishika mkono pale kaburini. Niliona padre anahubiri muda mrefu. Kwa mara ya kwanza haya masikio yamenisaidia.

Walisema kukata kulienda vizuri. Alirudi nyumbani, akakaa kimya wiki mbili, halafu ikaisha. Nilimtembelea wakati wa hiyo kimya. Yeye hana sauti, mimi sina masikio. Tulikaa vizuri kuliko miaka yote. Binti yake alitupikia uji, akatuangalia, akaenda kulia jikoni akidhani hatujamuona.

Sasa nataka kukuuliza juu ya siku ya studio. Wewe ulimkalisha sawa, akiniangalia. Nilianza, akafungua mdomo, nikaona mstari wa kwanza, nikaona wa pili. Halafu maumivu yakamkunja. Akainama, akashika koo, mdomo ukaingia ndani ya leso. Nikakuangalia wewe, umeinamia mashine yako. Nifanye nini? Kusimama sikuweza. Nilipiga tu. Nilipiga vile wimbo unaenda, wote, mahali pa kupanda nikapanda, mahali pa kungoja nikangoja. Sikujua kama ako mbele, ako nyuma, au amenyamaza kabisa. Nilitoka jasho kama mtu anakimbia nyati gizani. Wewe ukanionyesha dole gumba, nami nikajigamba nikasema leo nimemkimbiza mpaka amechoka. Sikukuuliza. Niliogopa utasema imeharibika na hakuna siku nyingine.

Lakini mwisho kabisa, wakati nimeshaweka mikono chini, aliinua kichwa akasema kitu. Si kuimba. Mdomo ulitembea, lakini alikuwa amegeukia ile maiki, sikuupata. Kila siku narudi hapo.

Alisema nini? Na wimbo, ulitoka? Niandikie ukweli. Umau wako ameshakula mambo makubwa kuliko hayo.

Masila


Machakos, 27 Aprili 2024

Umau,

Wimbo ulitoka. Uko mzima mpaka neno la mwisho. Binti yake anao, mimi ninao, na nimeweka nyingine mahali salama.

Uliomba ukweli. Ulipiga polepole kuliko Susu alivyokuwa ameanza. Alipoinama, wewe ulibaki nyuma, na mimi nilitaka kusimamisha mashine. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Halafu nikamsikia Susu anavuta pumzi, anaacha maneno mawili yapite, anakungoja. Ukampata. Tangu hapo kila mahali ulipochelewa alichelewa. Mahali uliporuka mstari, aliuimba haraka ndani ya mstari mwingine ili usipotee. Na koo lile. Ukisikiliza bila kujua, utasema watu hawa wawili wana pumzi moja.

Yale ya mwisho nilitaka kuyakata. Nilikaa nayo mwezi wote, kidole juu ya kitufe. Aliongea Kikamba, alidhani maiki imezimwa, alikuwa ananiambia mimi. Nayaandika vile naweza:

"Huyu Masila hanisikii. Tangu ile harusi ya kule Kathiani hanisikii, ananiangalia mdomo kama mtoto anangoja kulishwa. Usimwambie najua. Atakataa kunipigia, na mimi sina mwingine. Leo mimi ndiye nimefuata. Na zile siku zote tangu Kathiani pia."

Halafu akacheka kidogo, akakohoa, nikazima.

Wewe uliniambia nisimwambie. Yeye akasema nisikuambie. Nilinyamazia wote wawili, Umau, na sasa mmoja yuko ardhini na mimi sijui kama nilifanya vizuri. Nisamehe.

Nzisa


Mwala, 6 Mei 2024

Mwaitu Nzisa,

Umeona sasa? Nilisema! Miaka yote nilisema ngoma inaongoza na mwimbaji anafuata, na hakuna mtu aliniamini. Sasa amekubali mwenyewe kwa mdomo wake, na mashine imeshika. Nimeshinda. Nilichukua fimbo nikaenda mpaka kwake kumcheka, nikafika kwa mlango, binti yake akanifungua, nikakumbuka. Nikasema nimekuja kuuliza kama mbuzi wangu amepita huku.

Vikombe nakurudishia na Mulwa. Mpe mtu ako na masikio. Ni vizuri, vinafunga kweli, mwambie atoe kofia.

Jana Mulwa alileta ile spika yake kubwa ya gari, akaweka wimbo uliomtumia. Tukalaza spika juu ya kithembe, nami nikaweka mkono kwa ngozi. Ngoma yangu niliipata yote, mwaitu. Ilinipanda mpaka kiwiko. Nilijua kila mahali niko. Nikamngojea Munyiva. Lakini yule alikuwa amebaki na sauti nyembamba, haitingishi ngozi. Nikabadilisha mkono. Nikaweka shavu. Ilikuwa ni mimi peke yangu napiga.

Halafu mkono ukanyamaza, nikajua wimbo umeisha. Nikangoja hapo hapo. Mulwa akanigusa bega, akanionyesha spika kwa kidole, akafungua mdomo mkubwa ili nielewe: sasa anaongea.

Nikatikisa kichwa. Nikamwambia ndiyo, namsikia.

Umau wako,
Masila